Wenzake Mama wa Muziki

Mara ya kwanza kumwona Mama ilikuwa mwezi wa Februari mwaka 1996, katika chumba cha kufulia cha hospitali alikokuwa akifanya kazi. Mimi ni mpaka rangi, na siku hiyo nilikuwa juu ya ngazi napaka ukuta. Yeye alikuwa chini, mbele ya lundo la mashuka yaliyotoka kukaushwa, ameshika pembe mbili za shuka moja na hana wa kumshikia pembe mbili nyingine. Hakuniuliza jina. Mashine za mle ndani zilinguruma kiasi kwamba hakuna aliyeuliza majina. Alipaza sauti tu:

"Mwenzangu! Njoo ushike huku!"

Nikamwambia, "Mama, mikono yangu ina rangi."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Na shuka ni jeupe. Haya, shuka ushike shuka!"

Nikashuka, nikashika. Tukalikung'uta, tukakutanisha pembe, akachukua lingine. Sikujua kwamba nimeshika pembe za shuka mbele ya mama mkwe wangu.

Naomba neno hilo la "mwenzangu" mliweke akilini, ndugu waombolezaji, kwa sababu nitalihitaji mbele. Katika chumba kile, mtu aliyeshika upande wa pili wa shuka aliitwa mwenzangu, awe mfanyakazi wa miaka mingi au aliyeanza kazi asubuhi ile. Shuka la hospitali ni pana. Ukilikunja peke yako linagusa sakafu, na likigusa sakafu linarudi kufuliwa. Kwa hiyo Mama alizoea kwamba mwenzake ni yeyote aliye karibu mwenye mikono miwili.

Marehemu Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa seremala na mkewe aliyekuwa mshonaji. Walikaa vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Redio ilikuwa ya jirani, nayo iliwekwa dirishani. Mama alijitolea kuosha vyombo chini ya dirisha hilo kila jioni, na wazazi wakamsifu kwa bidii yake, mpaka bibi yetu alipogundua kwamba sahani zile zile zinaoshwa mara ya pili na ya tatu. Alipoulizwa alijibu, "Wimbo ulikuwa haujaisha."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akamaliza darasa la saba. Alipenda kutusimulia habari za kwaya ya shule. Mwalimu alipita mstari kwa mstari ametega sikio, na alipofika kwake akamwambia, "Wewe kaa." Akakaa. Wengine wangelia. Yeye alisema siku ile ndipo alipojua kazi yake duniani: "Wote waliimba, mimi nikasikiliza. Sote tungeimba, nani angesikiliza?"

Aliajiriwa katika chumba cha kufulia mwaka 1972 na akastaafu mwaka 2008. Alifua, akakausha, akakunja. Kuhusu mashine ya kukaushia alikuwa akisema, "Yule anajua nota moja tu, na anaiimba tangu asubuhi kama amelipwa." Siku moja msimamizi alimkemea kwa kugonga mguu chini akiwa kazini. Alimjibu kwa heshima kwamba mguu huo hauko kazini.

Mwaka 1975 alifunga ndoa na baba mkwe wangu, dereva wa lori. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1976, ambaye sasa anafanya kazi ng'ambo, na wa kike mwaka 1978, ambaye ni mke wangu. Baba alikuwa mtu wa safari. Aliondoka Jumatatu, na kurudi kwake hakukuwa na siku. Kila aliporudi alileta kanda, wakaisikiliza upande wa kwanza, wakaigeuza. Mama alituambia kwamba hawakuwa watu wa maneno mengi. Alisema, "Baba yenu alinipa mkono wakati wa kugeuza kanda." Baba alifariki tarehe 19 Agosti 2003 baada ya kuugua mapafu. Redio ya kanda ilibaki juu ya kabati imefunikwa kitambaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hata kwa kuifuta vumbi.

Alipostaafu, watoto wake wote walikuwa wameshahama. Ilikuwa nyumba ya mtu mmoja: kikombe kimoja kwenye sinki, kiti kimoja kinachovutwa. Aliwahi kumwambia mke wangu kwamba ukimya wa nyumba ile una kelele kuliko mashine. Mke wangu alimwomba ahamie kwetu. Alikataa. Mgeni siku mbili, alisema, ya tatu mpe jembe, naye mgongo wake haukuwa tena wa jembe.

Mwaka 2009 ndipo alipoanza mambo ya matamasha. Kila mwaka mpya nilimpelekea kalenda ya duka la rangi, na juu ya kalenda hiyo alizungushia duara siku ambayo kuna onyesho la muziki mjini. Mara moja kwa mwezi, mchana, kwa sababu usiku hakupenda kutoka. Alichagua mapema, na hakujali ni muziki wa vijana au wa wazee, wa magitaa au wa tarumbeta. Mwezi uliokosa duara aliuita mwezi mkavu. Kama ungemtembelea siku ya duara ungemkuta ameshavaa tangu asubuhi, amekaa kitandani na pochi mapajani, anasubiri saa ifike.

Binti yake alimuuliza, "Mama, unakwenda na nani?"

"Na wenzangu."

Kwa jibu hilo sote tulitulia. Mke wangu alijua ni wale mama waliostaafu naye, na akawapenda bila kuwaona. Kuna Jumapili alimwalika Mama chakula, akajibiwa, "Leo siwezi, mwanangu, wenzangu wananisubiri." Mke wangu alikata simu akasema, "Haya, Mama ana watu wake siku hizi. Sisi tutamwona akituonea huruma." Alisema kwa utani, lakini kidogo aliona wivu.

Mwaka 2016 shemeji yangu alimtumia simu ya kisasa kutoka ng'ambo, na hapo ndipo mimi nilipoingia. Mama alitaka kila mwezi kabla ya onyesho apakue albamu ya mwanamuziki anayekwenda kumsikiliza. Alisema, "Mtu haendi harusini hajui jina la bibi harusi." Nikamwambia mimi simu za namna hiyo sizijui, nimeishia darasa la saba.

"Na mimi la saba," akasema. "Saba na saba ni kumi na nne, mkwe. Simu itatushinda vipi?"

Ikawa desturi yetu. Mwanzo wa mwezi tulikwenda kukaa kwenye benchi nje ya duka la simu, mahali waifai ya duka inapofika, yeye mwisho huu wa benchi na mimi mwisho ule. Mwenye duka alituzoea. Simu iliandika "Inapakua," na mstari wake ulikwenda kama konokono. Mama aliitazama, akasema, "Inapakua, inapakua, chakula chenyewe kitapoa." Ikimaliza alisema, "Haya, kimepakuliwa, tunawe mikono." Mwenye duka alicheka kila mwezi kana kwamba ni mara ya kwanza. Kisha Mama alikwenda kuisikiliza albamu yote akiwa anaosha vyombo, siku baada ya siku, mpaka ajue ngoma inaingia wapi na gitaa linanyamaza wapi. Hakuwahi kwenda kwenye onyesho hajui nyimbo.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja ya Oktoba, Mama alipita kwetu akielekea kwenye onyesho akasahau miwani mezani. Mke wangu akanituma. "Kimbia umpelekee. Ukimkosa, mpe hata mwenzake mmoja."

Nilifika ukumbini onyesho limeshaanza. Nilimweleza mlinzi wa mlango kwamba namtafuta mama mmoja aliyekuja na wenzake. Akauliza yukoje, nikamweleza. Akasema, "Huyo wa kila mwezi? Huyo huja peke yake. Kiti cha pembeni, kulia."

Nikadhani amemchanganya na mtu mwingine. Nikaingia, nikasimama nyuma, nikamwona. Ukumbi haukujaa. Alikuwa kwenye kiti cha pembeni, na kushoto kwake, baada ya kiti kimoja kitupu, alikuwa kijana asiyemjua. Nikamwona anamwinamia. Sauti yake niliisikia, maana alizoea kusema kwa nguvu kwa ajili ya mashine: "Mwenzangu, sikiliza, besi inaingia sasa hivi." Kweli, besi ikaingia. Kijana akaitikia kwa kichwa kwa adabu, na wimbo ulipoisha akahamia viti vya mbele. Mama hakuonyesha kuudhika. Aligeuka kwa mama aliyekuwa nyuma yake, akamwonyesha kidole jukwaani: "Mwenzangu, huyu wa ngoma anachelewa. Unamsikia?"

Hapo ndipo nilipoelewa wenzake ni nani. Walikuwa watu waliokaa karibu, kama kule kwenye mashuka, ila hawa hawakujua kwamba kuna upande wa kushika.

Alinigundua nikiwa nimesimama na miwani mkononi kama muuza miwani. Akapiga kiti kwa kiganja. "Mkwe, njoo ukae."

Ninyi mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa namna gani. Hata kwenye harusi yangu niliomba nikae karibu na mlango. Na huyu ni mama mkwe. Nikamnong'oneza, "Mama, nitakaaje ubavuni kwako?"

Akaitazama pochi yake, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa kitupu, akanionyesha kile cha baada yake, alichokihama yule kijana. "Haya. Heshima imeshakaa hapo katikati. Na wewe kaa."

Nikakaa. Tokea siku ile, kila mwezi ambao kazi iliniruhusu, tulikwenda watatu: Mama, pochi na mimi. Wakati mwingine viti vilikuwa vichache, na watu walikuja kuuliza, "Hapa kuna mtu?" Mama alijibu, "Yupo," na hakusema uongo kwa namna yake. Hatukuongea. Pale anapopapenda alinyoosha kidole, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Muziki sikuujua na hata leo sijui kuueleza. Nilijifunza kukaa nao tu.

Kitu kimoja aliniomba. Tulikuwa tunatoka ukumbini, akasimama kwenye ngazi kuvuta pumzi. "Usimwambie binti yangu kwamba nilikuwa nakuja peke yangu. Atanihurumia. Mtu akikuhurumia, muziki hausikiki vizuri." Nikaitikia. Mke wangu aliamini kwamba sasa na mimi nimekubaliwa na wale wenzake. Akaniuliza wakoje. Nikamwambia, "Wapole."

Novemba 2022 Mama alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi. Daktari alisema mapigo ya moyo yamepoteza mpangilio. Mama akanigeukia: "Unaona? Mpiga ngoma anachelewa." Alimeza dawa zake vizuri na hakuacha kuzungushia duara. Miezi ya Machi na Aprili ilikuwa mikavu kwa sababu ya ugonjwa. Mei alikwenda, nami nilikwenda naye, na tuliondoka kabla ya wimbo wa mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Tarehe 2 Juni 2023 alilazwa katika hospitali ile ile aliyoifanyia kazi. Alipolazwa kitandani jambo la kwanza alilofanya ni kupapasa shuka na kutafuta mkunjo wake. Akasema, "Hili limekunjwa na mtu mmoja." Nikamwambia siku hizi inakunja mashine. "Ndiyo nilichosema," akajibu. Alifariki Jumapili tarehe 11 Juni, alfajiri, akiwa na miaka sabini. Duara la mwezi huu lilikuwa Jumamosi ya tarehe 17.

Sasa nieleze kipengele cha saba kwenye ratiba mliyonayo mikononi, kilichoandikwa "Salamu za wenzake wa muziki." Familia ilipokaa kupanga mazishi, shemeji alisema kwa simu kutoka ng'ambo kwamba wapewe nafasi, kwa kuwa ndio waliokuwa karibu na Mama miaka hii. Sote tukakubali, na mimi nikanyamaza. Ratiba ikaenda kuchapwa. Mke wangu akaanza kuwatafuta. Aliwapigia mama waliostaafu na Mama. Walimlilia sana rafiki yao, lakini kila mmoja alisema hakuwahi kwenda naye kwenye onyesho lolote. Alifungua simu ya Mama: palikuwa na namba yake yeye, ya kaka yake, yangu, ya wajukuu, ya duka la simu na ya hospitali. Mke wangu akaiweka simu chini kwa hasira. "Watu gani hawa? Miaka yote wanakula naye raha, leo hata mmoja hajauliza Mama amelala wapi?"

Alikuwa anawachukia watu ambao hawapo, na mimi ndiye niliyejua. Niliona nikiendelea kunyamaza, Mama atazikwa huku mwanawe anaamini kwamba ametupwa na rafiki zake. Nikisema, ninamvunjia Mama ahadi na kumfanya ahurumiwe, jambo ambalo hakulitaka.

Jana mchana tulikuwa tunavua mashuka ya kitanda chake. Mke wangu alishika pembe mbili, mimi mbili, kama alivyotufundisha. Nikamwambia tukiwa tumelishika. Hakuliachia. Shuka likakazika kati yetu.

"Peke yake?"

"Mwanzoni."

"Na baadaye?"

"Baadaye mimi."

"Ubavuni kwa Mama? Wewe?"

"Katikati ilikaa pochi."

Akacheka mpaka akakaa juu ya godoro, na kicheko hicho ndicho kilichogeuka kuwa kilio. Alilia sana. Alipofuta uso alisema, "Iseme yote kesho. Pasiwe na mtu wa kulaumiwa. Na pochi uiseme pia." Kwa hiyo nimeisema, na ninamwomba Mama anisamehe. Siisemi ili ahurumiwe. Mtu aliyejua ngoma inapoingia, kila mwezi, kwa miaka kumi na minne, hakuwa na upungufu wa kuhurumiwa. Alichokosa ni mikono ya upande wa pili, basi.

Kipengele cha saba hatutakifuta. Kikifika nitasimama mimi. Na kama yupo hapa mtu yeyote ambaye siku moja, ukumbini, aliambiwa na mama asiyemjua, "Mwenzangu, sikiliza," tunamwomba naye asimame, hata kama alihama kiti. Mama hakuweka kinyongo.

Mama ameacha mtoto wa kiume mmoja, binti mmoja, dada wawili, wajukuu wanne waliomwita Bibi Spika kwa ajili ya sauti yake, mkwe, na wenzake ambao hatuwajui kwa sura wala idadi. Mungu ampe pumziko lenye utulivu, kwenye kiti cha pembeni anachokipenda, na mpiga ngoma asiyechelewa.

Jioni ya Jumamosi, siku moja kabla ya kuondoka kwake, nilikuwa naye wodini. Mke wangu alikuwa amekwenda kuongea na muuguzi. Waifai ya hospitali ni dhaifu, na nilikuwa nimeishika simu yake juu, karibu na dirisha, tukisubiri albamu ya onyesho la tarehe 17. Pochi ilikuwa kitandani, kati ya mkono wake na kiti changu, mahali pake pa siku zote.

"Imefika wapi?" akauliza.

"Inapakua, Mama."

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha nikaona mkono wake unaisukuma pochi taratibu kuelekea ukutani, mpaka katikati yetu hapakuwa na kitu. Tangu nilipomwoa binti yake mwaka 1999 alikuwa ananiita mkwe. Siku hiyo hakuniita mkwe. Alisema:

"Mwenzangu, ikishapakuliwa, usile peke yako."